Shamba lako, sheria zako (na mjomba mwenye mbegu za bure)

Huku Muheza ukigusia kuzuia magonjwa yasiingie shambani watu wanawaza serikali, mara TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), mara ukaguzi pale Horohoro mpakani. Sawa wapo, ila hakuna askari atakayekuja kusimama kwenye njia ya shamba lako la ekari mbili aulize hiyo mbegu imetoka wapi. Mimi nimejiwekea sheria zangu, hakuna anayenipiga faini nikizivunja, na nyingi wala hazina gharama.

Kubwa kuliko zote ni mbegu. Michirizi ya kahawia kwenye mihogo siyo ugonjwa wa kuja, watafiti waliuandika mara ya kwanza hapo juu Amani mwaka 1936, ni wa kwetu kabisa huu. Ubaya wake mti unaweza kusimama vizuri tu, labda majani ya chini ndo yana umanjano kidogo pembeni ya mishipa na nani anaangalia majani ya chini, halafu unang'oa unakuta muhogo ndani una mabaka makavu ya kahawia hata mbuzi anausa anaondoka. Batobato, ugonjwa mwingine wa mihogo, angalau inajionyesha, majani yanajikunja. Kwahiyo mimi shina silifanyi mbegu mpaka ning'oe kwanza, nikate mihogo yake vipande niangalie ndani, nikiona baka hata moja shina linaenda kuwa kuni. Na msiniambie "mi napanda Kiroba", Kiroba ni aina ya muhogo inayovumilia michirizi, kuvumilia siyo kutougua. Ukiwa na hela nunua mbegu kwa wazalishaji waliokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, yaishe.

Sasa shida yenyewe siyo ugonjwa, ni undugu. Mjomba anatoka zake Handeni na mzigo wa mashina nyuma ya baiskeli, "mwanangu nimekuletea mbegu, inazaa hiyo!" Utamrudisha? Mi napokea, namshukuru, chai anakunywa, ila hazikanyagi shambani. Nazipanda nyuma ya nyumba, mbali na shamba, zikikomaa nakata mihogo naangalia, zikiwa safi ndo nazikaribisha. Nilimwambia ukweli akanuna kidogo, siku hizi na yeye anakata mihogo yake kabla ya kugawa.

Kwenye machungwa jamani ni madalali. Wanakuja na vijana wao, magunia yao, matope ya mashamba ya watu kwenye buti. Kwangu gari linaishia barabarani, magunia natoa mwenyewe, buti zinapigwa brashi na maji. Wanalalamika halafu wananunua. Machungwa yaliyodondoka yanaokotwa na kufukiwa shimo la futi mbili hivi, ukiyaacha chini ya mti unafuga nzi wa matunda.

Ila ujue yote haya peke yako hayatoshi, inzi weupe ndo wanahamisha kirusi cha muhogo na hawaulizi mpaka. Bahati nzuri hiki cha michirizi hawakibebi mbali sana, kwahiyo majirani wa karibu ndo wa kukaa nao. Tumekubaliana kila mtu akiona mti mgonjwa ungali mdogo anang'oa na anawaambia wenzake, bila kuonana wachawi. Mmoja bado anabisha, basi upande unaopakana naye napanda mahindi.