Jembe la sungura

Mwanangu,

Swali lako limenikalisha macho jana usiku. Unasema umemnunulia mwanao kitabu cha hadithi, mmefika kwenye ile ya sungura na kisima, na mwisho wake umekushtua. Kitabuni sungura anawaponyoka wenzake na kutokomea porini. Kwetu alipewa jembe. Unauliza ipi ndiyo sahihi, na kama ni halali kumsimulia mtoto kitu ambacho hakimo kitabuni.

Kitabu hakijakosea. Hadithi hiyo inasimuliwa sehemu nyingi za Afrika, na mwanzo wake haupishani sana: ukame umeingia, wanyama wanachimba kisima, sungura anagoma. Maji yakipatikana anakuja kuyaiba, anawalaghai walinzi mmoja baada ya mwingine, mpaka kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kumnasa. Kuanzia hapo kila msimuliaji anashika njia yake.

Bibi yako aliapa kwamba anaisimulia vilevile alivyoipokea, neno kwa neno. Nilimwamini mpaka niliposoma habari za Milman Parry, Mmarekani aliyekwenda Yugoslavia katika miaka ya 1933 hadi 1935 kurekodi waimbaji wa tenzi, wengi wao wasiojua kusoma. Nao waliapa hivyohivyo, lakini rekodi zao zikilinganishwa, maneno hayafanani. Hawakuwa waongo. Kwao "neno kwa neno" lilimaanisha kisa kilekile.

Kuna pia Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwenye kitabu alichotoa mwaka 1932 anaeleza alivyowapa watu hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya, wengine mara kadhaa. Mitumbwi ikageuka mashua, uwindaji wa sili ukawa uvuvi wa samaki, mizimu ikafifia. Kila mmoja aliivutia hadithi upande wa mambo aliyoyazoea. Watu hulitaja jaribio hilo wakitaka kuonyesha kwamba kumbukumbu haiaminiki. Mimi limenifundisha kutazama pale hadithi inapopinda, maana hapo ndipo msimuliaji alipojificha.

Sasa lile jembe. Unakumbuka alivyolisimulia? Sungura amelala chali, ulimbo umemganda, simba anasema auawe. Wote wanamgeukia kobe. Bibi yako alimtolea kobe sauti ya puani, ya polepole kiasi cha kukera: "Mpeni jembe. Kuna kisima cha pili." Basi, taa inazimwa. Hakutoa funzo lolote, na ukiuliza ulijibiwa ulale.

Tulikuwa tumetoka kumzika ndipo mama yangu mdogo aliponiambia kwamba walikuwa na kaka. Siku moja alikataa kazi ya nyumbani, baba yao akamfukuza, naye akaenda. Hakurudi. Miaka yote ile mama hakuwahi kunitajia kwamba nina mjomba. Siwezi kukuapia kwamba jembe lilitoka huko. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza mwenyewe kwa zaidi ya miaka thelathini, nikaitumia kumwomba aharakishe sehemu ya kobe. Ila tangu siku ile, nikifika hapo kwenye hadithi, namwona msichana aliyesimama mlangoni akitamani mtu mzima mmoja aseme maneno hayo mawili: mpeni jembe.

Mvua ya mwishoni, hiyo ni yangu. Ulikuwa na miaka minne, ukalia kwamba sungura atachimba peke yake na kiu, nami nilikuwa nimechoka, nikamnyeshea mvua ulale. Kumbe umeishika miaka yote hii kama urithi wa bibi! Nimecheka peke yangu.

Kwa hiyo msomee kitabu mpaka kwenye ulimbo, kisha kifunge umsimulie. Mwambie jembe ni la mama yake bibi, mvua ni ya bibi, na akitaka kuongeza chake aongeze, ila uandike pembeni ya ukurasa ni cha nani. Kwa kalamu, si penseli.

Habari ya mjomba ni kando. Hiyo si hadithi ya kupambwa. Siku akiuliza, na atauliza, mwambie kama nilivyokuambia: alifukuzwa, hakurudi, dada yake hakumtaja. Hata akilia, usimrudishe mjomba.

Nipigie Jumapili saa ya kumlaza, uweke simu karibu na kitanda. Nataka kusikia kama sauti ya puani unaiweza.

Mama yako