Kabla ya krimpa, nunua kwanza vitu vya kuvutia kebo

Watu wengi wakianza hii kazi ya kuvuta kebo, iwe za umeme au za mtandao, hela yote inaishia kwenye krimpa (koleo ya kubania vichwa vya kebo) na testa yenye mataa mengi, halafu wanafika saiti hawana hata cha kupitishia kebo kwenye paipu. Mimi nasema anza na vya kuvutia. Kebo nyingi ninazokuta mbovu zimeumia wakati wa kuvutwa, na ikishaumia ndani ya ukuta hata uifunge kichwa kizuri namna gani haisaidii.

Cha kwanza ni waya wa kuvutia, ule unaojikunja kwenye kasha la mviringo. Wa chuma una nguvu na unasukumika vizuri kwenye paipu ndefu, ila unapitisha umeme, kwa hiyo kama humo ndani kuna nyaya zenye moto usithubutu. Wa nailoni au fiberglasi ni salama zaidi, na kwa kazi za nyumbani nailoni inatosha kabisa (bado zima meni swichi na upime, usiniletee ujasiri).

Kebo zikiwa nene tafuta soksi ya kuvutia, ule wavu wa chuma unaovishwa kichwa cha kebo, kadiri unavyovuta ndo unazidi kubana. Kati ya soksi na kamba weka kiungo kinachozunguka ili kebo isijisokote. Na kilainishi nunua kile cha kebo chenyewe jamani, sabuni ya vyombo ikikauka inaganda humo ndani na siku ukitaka kuitoa hiyo kebo utaita majirani, grisi ya gari ndo mbaya kabisa maana inaweza kula ganda.

Stendi ya dramu, lile gurudumu kebo inakozungushiwa, watu wanaidharau sana. Dramu inatakiwa izunguke yenyewe kwenye bomba, ukiilaza chini ukawa unachomoa mizunguko kwa juu kebo inakuja na mikunjo, na Cat6, hii kebo ya mtandao, haipendi mikunjo hata kidogo. Hiyo usiivute kwa nguvu inayozidi nyutoni 110, ambayo ni kama uzito wa kilo 11 tu, na nusu kipenyo cha kona kisipungue mara 4 ya unene wa kebo. Ikikwama usiite mtu wa pili aje kuvuta, rudi uangalie imekwama wapi. Kufungia tumia velkro, zile zipu za plastiki mtu akizikaza anaminya kebo.

Hapo sasa ndo uje kwenye krimpa, chukua yoyote imara. Testa ya mataa inakuambia tu waya zimefika na zimepangika, haikuambii kama laini itabeba spidi, kwa kazi kubwa kodisha mashine ya kupima kiwango. Upande wa umeme ni mega, kile kipimo cha kuangalia kama ganda la nyaya linavujisha umeme, iweke volti 500 kwa nyaya za kawaida za volti 230, na chomoa kwanza taa za LED na vifaa vyote vya elektroniki usije ukaviunguza.