Mbu wa chooni na mafuta ya taa

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Makorora, Tanga. Majani nimefyeka, mapipa nafunika, lakini kila jioni mbu wanatoka chooni kama moshi. Kila mwezi namwaga mafuta ya taa. Wanapotea siku chache, halafu wanarudi. Shimo lina maji mwaka mzima. Nakosea wapi?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Mahali umepapatia, dawa ndiyo haidumu. Huyo ni kuleksi, mbu wa maji machafu. Jike hutaga mayai 100 hadi 300 kwa mkupuo, yameshikana mithili ya kimtumbwi cheusi. Ukikiona juu ya maji utadhani ni chembe ya masizi. Kwa joto letu la pwani, yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 12 hivi. Mafuta ya taa huruka hewani, na utando wake huchanika kila maji yanapomwagwa. Ukingoja mwezi, kizazi kizima kimeshatoka. Tena mafuta yanaweza kupenya hadi kisimani.

Kuleksi haambukizi malaria, lakini ndiye anayebeba minyoo ya matende na mabusha katika miji ya pwani. Kwa hiyo usimwone kuwa kero tu.

Vaa glavu, chota maji ya shimo kwa kopo la kamba, yamimine kwenye bakuli jeupe. Utaona viluwiluwi wananing'inia kichwa chini, ncha ya mkia imegusa uso wa maji. Pale ndipo wanapovutia pumzi. Ziba uso huo, watakosa hewa, na jike atakosa pa kutagia.

Kinachofaa ni punje za polisterini, vile vipunje vyeupe vyepesi vya milimita 2 hivi. Zikinunuliwa mbichi, huchemshwa kwenye maji yanayotokota mpaka zivimbe. Kila mita moja ya mraba, unene wa sentimita 1 unahitaji lita 10. Mimi ningeweka sentimita 2: shimo la mita 1.2 kwa 1.2 litakula lita 29, yaani ndoo kubwa moja na nusu. Mimina kwenye tundu, zitajitandaza zenyewe. Kinyesi hupita, punje hurudi juu. Kule Makunduchi, Unguja, zilitumika vyooni mwishoni mwa miaka ya 1980, sambamba na dawa za minyoo, na mbu walipungua sana.

Ukitumia maboya meupe ya maboksi ya televisheni, yasage mpaka yawe punje. Mapande huacha nafasi, na nafasi ya kiganja inatosha kuzalisha mbu. Usitupe kichungi cha sigara humo, polisterini inashika moto. Shimo likifurika wakati wa masika, au gari la maji taka likinyonya, punje huondoka, weka nyingine. Kwenye mtaro wazi usihangaike nazo, zitasombwa.

Kama una karo la septiki, ziba nyufa za mfuniko kwa saruji na funga wavu juu ya bomba la hewa. Watu wengi husahau bomba hilo.

Baada ya wiki mbili, funika tundu kwa kipande cha chandarua magharibi, bana kingo kwa mawe, kagua alfajiri. Mbu wakiwa wamenasa chini yake, tabaka lina pengo: ongeza punje. Wasipokuwapo na nyumbani bado wanauma, shimo la jirani nalo lipimwe. Na chandarua cha kitandani usiache kukitumia, maana mbu wa malaria hazaliwi chooni.