Rafiki yangu Mkatoliki amefiwa, nami nimeokoka

"Shangazi, rafiki yangu hapa Kayole amefiwa na mumewe. Kila jioni jumuiya yao huja kusali rozari. Nilimwambia kumwombea marehemu hakusaidii, na tangu hapo hanitazami usoni. Nitamrudia vipi?" (Mlokole)

Mwanangu, pole nawe, maana barua yako inaonyesha unampenda. Ulisema linalofundishwa kanisani kwenu, lakini ulilisemea matangani, na yeye alisikia: huna la kumfanyia mumeo tena. Kwa Mkatoliki, kumwombea marehemu ndiyo kazi ya upendo iliyombakia. Hiyo ndiyo uliyompokonya.

Nenda leo, kabla jumuiya haijafika. Beba sukari kilo 2, majani na maziwa pakiti 4. Chai ya wageni humaliza sukari upesi. Mwambie, "Nilikukosea, nisamehe," ukomee hapo. Ukianza kueleza ulichomaanisha, mabishano yatafufuka, naye hana nguvu hizo.

Kisha kaa rozari yote, kama dakika 20. Ina makumi matano. Kila kumi hufunguliwa kwa Baba Yetu, zikafuata Salamu Maria 10, halafu Atukuzwe Baba. Baba Yetu ni yako pia, isali kwa sauti akusikie. Penye Salamu Maria waweza kunyamaza, ingawa mwanzo wake ni maneno ya malaika na ya Elisabeti katika Luka 1, yamo kwenye Biblia yako. Usijitie kushika rozari usiyoiamini; anakujua, atatambua. Wakifika "Raha ya milele umpe, ee Bwana," mshike mkono.

Ukiombwa uombe, tafadhali usikemee roho ya mauti wala usiite watu waokoke. Soma Zaburi ya 23 polepole, uketi.

Kwenye misa ya mazishi, wakati wa Komunyo baki kwenye benchi. Hapo hupokea Wakatoliki, na hata wao si wote watakaosimama.

Ninalokuhimiza zaidi ni baada ya mazishi, viti vya kukodi vikisharudishwa na jamaa wakapanda magari kwenda makwao. Wiki ya tatu nyumba huwa kimya sana. Pita jioni, mwaga chai iliyopoa kikombeni mwake, ummiminie nyingine, umwache aongee au asiongee. Na tarehe 2 Novemba, siku Wakatoliki wanapowakumbuka marehemu wote, mpigie simu umtaje mumewe kwa jina.