Maswali ya Wasomaji: Kuketi Pamoja na Kuzungumzia Kifo

*Mwanangu anaishi Uingereza. Ananiambia huko watu wanakusanyika, wanakunywa chai, wanakula keki, na mada yenyewe ni kifo. Kwetu huko ni kujichulia. Je, hiyo ni dini mpya? – Msomaji, Tanga*

Mama, hiyo si dini, na waendao huko si watu waliokata tamaa. Vikao hivyo vinaitwa Death Cafe. Chimbuko lake ni Uswisi: mwaka 2004 mwanasosholojia Bernard Crettaz aliitisha mazungumzo ya namna hiyo katika mji wa Neuchâtel. Jon Underwood wa London akavutiwa na kazi yake, na Septemba 2011 akaandaa kikao nyumbani kwake Hackney. Aliyekiendesha ni mama yake, Sue Barsky Reid, mtaalamu wa tiba ya nafsi. Mwaka uliofuata walitoa mwongozo ili mtu yeyote aweze kuandaa cha kwake. Underwood alifariki ghafla Juni 2017 akiwa na miaka 44, lakini vikao vimeendelea katika nchi nyingi.

Masharti yake ni machache. Hakuna kutafuta faida, yanayosemwa hayatoki nje, na hakuna kumvuta mtu kwenye uamuzi, imani wala bidhaa fulani. Lazima pia pawe na cha kunywa na cha kula.

Kuhusu uchuro, hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini fikiria mahujaji wanaorudi kutoka Makka na sanda waliyoilowesha maji ya zamzam, wakaikunja vizuri na kuiweka kabatini. Hakuna anayewaambia wanajichulia. Watu wa pwani wanajua kujiandaa kwa mauti tangu zamani. Kinachokosekana mara nyingi ni kuwaambia watoto sanda iko wapi, na mwenyewe anataka nini kabla ya kufikia kuivaa.

*Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana, Morogoro. Tuko wanachama 34. Tunachanga vizuri, tunazikana vizuri, ila hatujawahi kuulizana mtu anatakaje akiwa bado hai. Tukitaka kuandaa kikao kama hicho tuanzie wapi? – Katibu, Morogoro*

Katibu, umeuliza swali ambalo vikundi vingi vingepaswa kujiuliza. La kwanza: msikifanye siku ya michango. Daftari likishafunguliwa, watu watajadili nani anadaiwa na msiba wa nani ulipewa turubai dogo, na jioni itaishia hapo. Chagueni siku nyingine na, ikiwezekana, mahali pengine. Kama kikundi kimefiwa karibuni, subirini hadi arobaini ipite.

Msiwaite wote 34. Anzeni na watu 8 hadi 12 waliotaka wenyewe. Wakizidi hapo, wagawanyeni katika meza za watu 4 hadi 6, kila meza na mwendeshaji wake. Mkwe na mkwewe wasikae meza moja, maana heshima itawafunga midomo wote wawili. Wanawake wakitaka kukaa peke yao mara ya kwanza, waachiwe. Viti vipangwe duara. Mkiweka meza kuu, watu watamsubiri mgeni rasmi na hotuba yake.

Saa mbili zinatosha, na kati ya alasiri na magharibi ni wakati mzuri. Chai iwe tayari watu wanapoingia, na maandazi mawili mawili kwa kila mtu, au keki iliyokwisha kukatwa. Mtu aliyeshika kikombe huzungumza kwa wepesi zaidi, na anayeogopa anapata cha kufanya na mikono yake. Chakula kikicheleweshwa hadi mwisho, watu hukaa wakikisubiri kama wako matangani. Kwa sababu hiyo hiyo msipike pilau. Tena wapishi wanakosa mazungumzo yote. Gharama igawanywe sawa, au liwekwe kasha mlangoni kila mtu atie alichonacho. Mfuko wa mazishi usiguswe, na mfadhili asitafutwe. Wakala wa bima ya mazishi au fundi majeneza anakaribishwa kama mtu mwingine yeyote, lakini vipeperushi aviache nyumbani.

Mwendeshaji aanze kwa dakika tano tu. Aseme kwamba ya hapa yabaki hapa. Simu zizimwe, pasiwe na kurekodi wala picha za kutuma WhatsApp. Asiyetaka kusema anyamaze, na anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa. Kisha kila mmoja ataje jina lake na sentensi moja ya kilichomleta. Mzunguko huo uanzie kwa mdogo kuliko wote. Ukianzia kwa wazee, vijana watarudia walichosema wazee.

Hakuna ajenda, ila mwendeshaji awe na maswali matatu au manne mfukoni kwa ajili ya pale mazungumzo yanapokwama. Linalofungua watu wetu haraka ni hili: ni msiba gani uliuona umeendeshwa vizuri, na kwa nini? Watu wakishazoea, unaweza kuuliza: siku usipoweza kusema, nani akusemee? Ungependa umalizie nyumbani au hospitali? Uzikwe wapi, na nani anajua? Ukishauliza, nyamaza. Hesabu polepole hadi kumi kabla ya kuongeza neno. Waendeshaji wengi huogopa kimya hicho, wakakijaza kwa maneno yao wenyewe, na aliyekuwa anakaribia kusema jambo zito akalimeza.

Mambo mawili huharibu kikao kuliko mengine. Moja ni mahubiri. Kiongozi wa dini aje kama baba au kama mume, na aombwe hivyo mapema, faraghani, kwa adabu. Kumkatisha mbele za watu ni kumvunjia heshima. La pili ni baya zaidi, nalo ni mazungumzo kugeuka kuwa nani alimroga nani. Hapo mwendeshaji asisubiri hata dakika moja. Aseme, "Ndugu zangu, leo tunazungumzia vifo vyetu sisi, si nani alimfanya nini marehemu," kisha arudishe swali kwa mtu mwingine. Mkiliacha hilo likapita, mtatoka na ugomvi wa ukoo.

Robo saa kabla ya mwisho msifungue jambo jipya. Kila mtu aseme sentensi moja ya anachoondoka nacho. Mwendeshaji abaki nusu saa nyingine, akikusanya vikombe bila haraka, kwa ajili ya yule ambaye hakuweza kusema mbele ya wenzake. Huyo karibu kila mara yupo.

*Mume wangu amefariki wiki sita zilizopita. Rafiki anataka kunipeleka kwenye kikao hicho. Niende? – Msomaji, Nairobi*

Pole sana, dada. Kwa sasa tungekushauri usubiri. Kikao hiki hakikuundwa kuwa tiba ya majonzi. Mwenzako atazungumzia kifo kama jambo la mbali wakati wewe kidonda bado ni kibichi, na hakuna aliyeandaliwa kukubeba. Tafuta mshauri nasaha au kikundi cha waliofiwa. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, inahudumia wagonjwa pamoja na familia zao, hivyo unaweza kuanza kwa kuulizia huko.

*Wazee wetu wanasema mtu akisema kwa mdomo inatosha. Tumlete wakili kwenye kikao watu waandike wosia papo hapo? – Msomaji, Kisumu*

Wakili aje siku nyingine. Akiwepo, kila swali litakuwa la shamba na nyumba, na mambo ya moyoni hayatasemwa.

Hilo la mdomo kutosha, huko kwenu mna mfano mkubwa. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mkewe Wambui alisema mumewe alitaka kuzikwa Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Siaya. Mwanasheria huyo hakuacha wosia wa maandishi. Kesi ilifika Mahakama ya Rufaa, ukoo ukashinda, na mazishi yakafanyika Nyalgunga, huko Siaya, Mei 1987, miezi mitano baada ya kifo. Kwa hiyo mtu akishajua anachotaka, asimwambie mkewe peke yake. Awaambie pia wale watakaokuwa na sauti siku hiyo: kaka zake, wazee wa ukoo, mtoto mkubwa. Hata maandishi kuhusu mahali pa kuzikwa huenda yasiifunge mahakama, lakini ukoo uliosikia kwa masikio yake ni vigumu kukana.

Kwa mali, sheria ya Kenya inakubali wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini kwa raia wa kawaida unafaa tu kama amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Wa maandishi pia unataka mashahidi wawili waliomwona akisaini, na wasiwe watu waliopewa kitu ndani yake. Kwa wasomaji wa Tanzania, RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali, hupokea na kuhifadhi wosia. Waislamu wakumbuke kwamba wasia hauzidi theluthi moja ya mali, na hauendi kwa mrithi ila warithi wengine wakiridhia.