Katalogi si picha: namna nilivyojifunza kupanga maktaba yangu katika Lightroom

Mwaka 2019 familia moja ya hapa Tanga ilinipigia simu kuniomba picha ya baba yao, aliyekuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo. Walikumbuka kwamba nilimpiga picha nzuri akiwa amevaa suti ya kijivu katika harusi ya binti yake miaka mitatu kabla, nao walitaka ichapishwe kubwa ili iwekwe mbele ya jeneza wakati wa ibada. Nilikesha siku mbili nikipekua diski tatu zilizojaa folda zenye majina kama «Picha mpya», «Picha mpya 2» na «Harusi ya yule jamaa wa bandarini», na mwishowe nilichopata ni nakala ndogo niliyokuwa nimeituma kwa WhatsApp, iliyobanwa kiasi kwamba ilipochapishwa uso wa marehemu ulikuwa na mabaka. Picha yenyewe niliiona miezi miwili baadaye, ndani ya folda iliyoitwa «Simu ya zamani».

Tangu hapo niliamua kuitumia Lightroom Classic, programu ya Adobe ya kompyuta ya kupangia na kurekebishia picha, kama maktaba na si kama chombo cha kurekebishia rangi tu. Wapiga picha wengi ninaofahamiana nao hawaitumii hivyo: huingiza picha, huziremba, hutoa nakala za mteja na kuendelea na kazi nyingine. Kama nawe unafanya hivyo, jambo la kwanza la kulielewa, kabla ya kugusa chochote, ni kwamba katalogi haibebi picha. Katalogi ni daftari. Ndani yake imeandikwa kila picha iko kwenye diski gani, katika folda ipi, imepewa nyota ngapi, na umeifanyia marekebisho gani. Faili la asili limebaki pale pale ulipoliweka, halijaguswa, kwa kuwa marekebisho yote yamehifadhiwa kama maagizo yatakayotekelezwa siku utakapotoa nakala.

Mimi sikulielewa hilo, na kosa lilikuwa langu mwenyewe. Siku moja nilifungua diski kwa njia ya kawaida ya kompyuta, nje ya programu, nikaanza kubadilisha majina ya folda na kuzihamisha nikijiona nafanya usafi. Nilipofungua Lightroom, folda zilikuwa na alama za kuulizia na picha zilikuwa na alama za mshangao, maana daftari lilikuwa likizitafuta mahali ambapo hazipo tena. Tiba yake ni rahisi: unabofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unachagua amri ya kutafuta folda iliyopotea, kisha unaionyesha programu mahali mapya. Lakini nilikuwa nimehamisha folda zaidi ya arobaini, na kazi hiyo ilinichukua Jumamosi nzima. Sasa folda zote nazihamisha na kuzibadilisha majina nikiwa ndani ya Lightroom peke yake.

Kuhusu majina ya folda, usijisumbue kubuni mfumo wa kistadi. Andika tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kisha neno moja au mawili: 2023-08-12 Harusi Pangani. Kompyuta itazipanga yenyewe kwa mfuatano wa wakati. Mafaili nayo yapewe majina mapya yenye tarehe wakati wa kuyaingiza, kwa sababu kamera nyingi huhesabu hadi 9999 na kuanza tena 0001, hivyo baada ya miaka michache utakuwa na picha kadhaa tofauti zenye jina moja.

Hata hivyo tarehe hiyo itakuwa na maana ikiwa tu saa ya kamera ni sahihi, na hapa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tuna mtego wetu. Msaidizi wangu aliwahi kuiwekea kamera yake saa 9:00 kwa sababu ilikuwa saa tisa alasiri, ilhali kamera yangu ilisoma 15:00. Nilipozichanganya picha zetu na kuzipanga kwa wakati, maharusi walikuwa wakikata keki, jambo lililofanyika saa tatu usiku, dakika ile ile bibi harusi alipokuwa akiingia kanisani. Lightroom ina amri ya kusogeza saa ya picha nyingi kwa pamoja. Nilichagua zote za kamera ile, nikaongeza saa sita, mambo yakakaa sawa. Siku hizi kabla ya kila kazi tunaweka kamera zote mbili mezani na kulinganisha saa.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote, na ambayo wengi huiruka kwa uvivu, ni kuziandikia picha maneno ya utafutaji. Maelekezo mengi ya jambo hili yameandikwa kwa Kiingereza, na lugha yetu ina tabia zake. Katika Kiswahili wingi hubadilisha mwanzo wa neno: ukiandika «mvuvi» kwenye picha moja na «wavuvi» kwenye nyingine, utafutaji wa neno zima utakupa nusu ya picha zako. Kwa hiyo kwenye kichujio cha maandishi huchagua utafutaji wa kipande cha neno, halafu naandika mzizi tu. Nikiandika «vuvi» napata mvuvi, wavuvi na uvuvi. Nikiandika «toto» napata mtoto na watoto. Vivyo hivyo ukiandika «arusi» utazipata pia zilizoandikwa «harusi», lakini kinyume chake hakiwezekani. Pale ambapo mzizi hausaidii, kila neno katika orodha linaweza kupewa visawe vyake, nami kwenye neno «sendofu», yaani sherehe ya kumuaga bibi harusi, nimeweka pia «kuagwa», kwa sababu wateja wangu wengine hutumia neno hilo.

Majina ya watu nayo yanahitaji uangalifu. Mwanzoni niliandika «Mama Asha» na «Bibi», kama ninavyowaita. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa na akina Mama Asha watatu, na neno «bibi» lilinirudishia nyanya yangu mzaa mama, mabibi harusi wote na mwalimu mmoja mstaafu. Sasa naandika jina kamili, kisha jina la utani au la heshima kama kisawe. Kwa mahali hutumia ngazi: Tanga iko juu, chini yake Pangani, Muheza na Lushoto, hivyo nikichagua Tanga napata zote. Anza na maneno machache, pengine thelathini, uyaandike kwa tahajia moja isiyobadilika; orodha ndefu ya siku ya kwanza huchosha na hutelekezwa.

Kuhusu kuchagua picha sina mengi ya kusema. Herufi P huweka bendera ya kukubali, X huweka ya kukataa, na nyota nazitumia kwa kubana sana: tano ni ya picha ambayo ningeichapisha na kuitundika ukutani kwangu. Unapofuta, soma swali linaloulizwa, kwani kuiondoa picha kwenye katalogi ni jambo moja na kuifuta kwenye diski ni jambo jingine.

Kuna jambo la nakala za akiba ambalo huwaponza watu wengi. Lightroom inapofungwa hukuuliza, mara moja kwa wiki usipobadilisha mpangilio huo, kama unataka kuhifadhi nakala ya akiba, na unapokubali unajiona salama. Kumbe nakala hiyo ni ya lile daftari tu! Picha zenyewe ni jukumu lako. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja ikiwa mbali na nyingine. Mimi nina diski ya kazini, diski ya pili iliyoko kwa dada yangu Muheza ninayoipeleka na kuirudisha kila mwisho wa mwezi, na picha za nyota nne na tano zipo pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kupandisha kila kitu mtandaoni kwa bando la hapa ni gharama nisiyoiweza, kwa hiyo nakiri kwamba kanuni hiyo naitimiza kwa picha bora tu.

Ninaulizwa mara nyingi na vijana wasiomudu malipo ya kila mwezi ya Lightroom. Kwanza, malipo yakikoma katalogi yako bado itafunguka, nawe utaweza kutafuta picha na kutoa nakala, ila sehemu ya kurekebishia itakuwa imefungwa. Pili, ipo programu nyingine iitwayo darktable, ambayo ni ya bure na huandika taarifa zake kwenye faili dogo la XMP kando ya kila picha. Hata kwenye Lightroom napendekeza uwashe mpangilio wa kuandika taarifa kwenye XMP, ili nyota na maneno yako yasomeke hata siku utakapohamia programu nyingine.

Kama una miaka mingi ya picha zilizotapakaa, usianze na za zamani. Anza na kazi ya wiki hii, uifanye vizuri toka mwanzo, na za nyuma uzishughulikie mwaka mmoja mmoja, jioni unapokuwa na nafasi. Mimi nimekwisha kupanga za 2014, 2015 na zote za kuanzia 2017. Za 2016, ukiacha harusi ile moja, bado ziko kwenye «Picha mpya 2».