Video ukishaiweka, usiifundishe tena darasani

Mkuu, simamisha kwanza huo mpango. Umeandika kwamba semista ijayo unafuta lekcha zote za takwimu za mwaka wa kwanza hapo Mbeya, unawawekea video mtandaoni, na wakija chuoni ni kazi za vikundi tu. Ukauliza kamera, urefu wa video, vikundi vya watu wangapi na namna ya kugawa maksi. Halafu mwishoni ukachomekea kwamba wasioangalia utawapitisha kwa ufupi mwanzoni mwa kipindi.

Hapo kwenye "kwa ufupi" ndipo nilipochinjiwa mimi.

Nilikuwa chuo kimoja Iringa, kozi kama hiyo yako. Wiki ya kwanza nauliza nani kaangalia, mikono ya kuhesabika. Wengine kila mtu na lake: bando limekata, natumia simu ya kitochi, mtaani Kihesa hakukuwa na umeme, bumu la mkopo bado halijaingia. Na mengi yalikuwa ya kweli, sikatai. Huruma ikaniingia, nikashika makapeni nikasema haya, tupitie harakaharaka. Harakaharaka ikala karibu kipindi chote. Vikundi ndiyo kwanza vinasogeza viti, darasa linalofuata linagonga mlango.

Sasa sikiliza nani aliumia. Siyo wazembe. Kulikuwa na binti anakaa mbele, daftari lake kaandika mpaka dakika za video, na pembeni kazungushia swali: kwa nini kwenye varianzi ya sampuli yenye namba n tunagawa kwa n kutoa 1 na siyo n? Swali lenyewe hasa nililotaka vikundi viligombanie. Mimi niko ubaoni narudia kitu alichokwisha kuandika. Nikamwona anafunga daftari, anatoa simu. Wiki iliyofuata naye hakuangalia, na ningekuwa yeye nisingeangalia. Achome bando la nini wakati mzee atakuja kuhubiri yale yale bure?

Haukupita muda darasa zima likajua kuwa video ni urembo. Nikawa natoa lekcha ile ile ya zamani, tena kwa muda pungufu, na usiku narekodi video ambazo mtazamaji wake mwaminifu alikuwa mke wangu, naye anasinzia. Mada za mwisho hatukuzigusa. UE, mtihani wa mwisho wa semista, ilishatungwa, ikaja nazo. Sapu, yaani mitihani ya marudio, zikamwagika, wanafunzi wakapeleka barua idarani kwamba mwalimu hafundishi. Hafundishi! Mtu ninayefundisha kitu kimoja mara mbili!

Yule mkufunzi aliyetupa semina ya mtindo huu wa video ndiyo sina hamu naye kabisa. Kaja na suti na projekta, anatuambia vijana wa siku hizi wamezaliwa na simu mkononi, nyie wekeni video, wataangalia wenyewe. Akatubandikia utafiti wa Freeman na wenzake wa 2014, uliokusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: kwenye lekcha za kawaida wanafeli karibu 34 kwa kila 100, kwenye madarasa ya kushiriki karibu 22. Namba ni za kweli, nilizifuatilia baadaye. Ila utafiti ule unalinganisha kumsikiliza mwalimu na kufanya kazi mle darasani. Hausemi popote kwamba video inamfaulisha mtu. Maana yake, kila dakika unayorudia video unakula ule muda wenyewe unaoleta faida.

Hata Bergmann na Sams, walimu wa kemia wa Colorado waliouvumisha mtindo huu kuanzia 2007, walianza kurekodi kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi, na asiye na intaneti walimchomea DVD. DVD, mkuu! Habari hiyo mkufunzi wetu aliiruka, tukala wali kuku, tukasaini posho. (Ndiyo, na mimi nilisaini. Msinianze.)

Kwa hiyo usirudie video darasani, hata dakika 5. Huruma yako imalizie kwenye kuwafikishia. Ijumaa CR, kiongozi wa darasa, aje na flashi, aondoke na faili lililopunguzwa ukubwa, wagawane simu kwa simu kwa programu ya Xender bila kugusa bando. Mwenye kitochi afunguliwe maabara ya kompyuta. Siku ya kipindi, wakiingia tu, swali moja la karatasi, lina maksi, kusanya. Aliyeacha karatasi nyeupe aende kona ya nyuma, kuna kompyuta na hedifoni, aangalie hapo hapo huku wenzake wanaanza. Akimaliza ajiunge na kikundi chake. Aliyeangalia akakwama ni mtu mwingine kabisa: vuta kiti ukae kwenye kikundi chao, muulize alipopotelea.

Semista iliyofuata nilifanya hivyo. Mwanzoni kona ilifurika, wakaninunia, mmoja akaniita katili kwenye grupu la WhatsApp akasahau kwamba nimo. Nikapiga kimya. Kona ikaanza kupungua yenyewe, maana si raha kukaa na mahedifoni kichwani kama mtangazaji wa mpira wakati wenzako wanabishana na kucheka.

Kamera unaihangaikia bure, simu yako inatosha. Ila Machi usirekodi kwenye chumba cha bati, mvua ya Mbeya ikishaanza hawatasikia hata jina la kozi.